Uzee hausomwi na daktari peke yake

Katika miezi ya karibuni kamati ya msikiti wetu imeletewa mambo matatu ambayo kwa juu juu hayana uhusiano. Familia moja imeuliza iwapo inafaa kumzuia baba yao, mzee aliyepindukia miaka 80, asihudhurie tena sala ya jamaa, kwa kuwa husali Adhuhuri, akatoka kuvaa viatu, kisha akarejea ndani na kuhirimia Adhuhuri ile ile kana kwamba hajaisali. Familia ya pili imekuja na jambo zito zaidi. Mama yao aliuwekea msikiti wetu wakfu wa sehemu ya shamba lake la mikarafuu, nao wanasema kuwa siku alipotamka maneno hayo alikuwa hawatambui hata wanawe. Wa tatu ni mzee mwenyewe, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, anayetaka kufunga Ramadhani. Daktari amemkataza kwa neno moja, naye neno moja halikumtosha.

La kwanza tulilifikisha kwa imamu, la pili likaenda kwa kadhi, la tatu likarudi hospitali. Kila mmoja alilitazama kwa elimu aliyonayo, na kila mmoja alikwama pale elimu yake ilipoishia. Imamu alitaka kujua kama mzee yule anasahau tu au akili imeshamtoka, kwani hukumu ya msahaulifu si hukumu ya mtu aliyeondokewa na akili. Kadhi alitaka kujua bibi alikuwa katika hali gani siku ile hasa ya kuweka wakfu, maana hali ya mwaka ule kwa jumla haimsaidii kuhukumu. Daktari alitaka mgonjwa wake asidhurike, lakini hakuweza kumwambia dini inampa ruhusa gani, wala kwa masharti gani. Kwa hakika yalikuwa maswali ya jambo moja, yaani uzee, na watu watatu waliokuwa na vipande vya jibu hawakupata kukaa pamoja hata mara moja.

Jambo hili limetushughulisha, na ndilo lililotufanya tuandike. Tunaamini kuwa uzee wa watu wetu hauwezi kutafitiwa na fani moja, na kwamba familia za Pemba zina haki ya kudai utafiti unaowakutanisha daktari, mwanafiqhi, mwanahistoria, mtu wa lugha, mtu wa takwimu na yule mkaza mwana anayempikia mzee uji.

Kisiwa chetu hakina ugeni na utafiti. Tangu mwaka 2000 ipo pale Wawi, karibu na Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyekuja Pemba kuchunguza kichocho na minyoo. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika hapa Pemba kwa watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki. Ilidhaniwa kuwa chuma kitawaongezea damu na kuwaokoa. Ikaonekana kuwa katika nchi yenye malaria nyingi kama ilivyokuwa Pemba wakati ule, watoto waliopewa chuma bila kupimwa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Miongozo ya dunia kuhusu dawa za kuongeza damu kwa watoto ilibadilishwa kwa sababu ya kilichoonekana katika nyumba zetu. Baadaye ukafanyika hapa pia utafiti mkubwa kuhusu dawa ya kusafishia vitovu vya watoto wachanga. Basi Pemba imekwisha kuifundisha dunia mambo ya watoto. Watoto wale walioshika mikono ya mama zao kwenda kupimwa sasa ni vijana wa miaka ishirini na kitu, na akina mama wale ndio wanaoanza kuingia uzeeni.

Sensa ya mwaka 2022 ilitupata Wapemba 543,441. Katika idadi hiyo wazee ni wachache kwa kulinganisha na watoto, na pengine ndiyo sababu hawasikiki. Lakini watoto wanapoacha kufa, watu huishi, na wanaoishi huzeeka.

Wapo watakaosema kwamba uzee hauna haja ya utafiti, kwani ni kadari na hauna dawa. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Mtume wetu Muhammad (SAW), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, aliwaamrisha watu wajitibu kwa kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa, akavua moja tu, nalo ni ukongwe. Wanavyuoni wetu walilielewa hilo vyema, na bado hawakuacha kuwahudumia wazee kwa elimu. Ibn Sina aliandika katika Qanun yake namna ya kuwalisha wazee, kuwakanda na kuwapangia usingizi. Kabla yake, Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, nchini Tunisia, aliandika risala nzima kuhusu kusahau na tiba yake. Ukongwe hautibiki, lakini mzee anaumwa macho, magoti, moyo na upweke, na hayo yote yana la kufanyiwa.

Huko Ulaya mambo yalichelewa. Neno la kitaalamu la elimu ya uzee lilitungwa mwaka 1903 na Elie Metchnikoff, mwanasayansi aliyefanya kazi Paris, naye alitarajia kuipata siri ya uzee ndani ya utumbo wa mwanadamu. Aliyeleta mageuzi ya kweli alikuwa daktari mwanamke wa London, Marjory Warren. Mwaka 1935 alikabidhiwa wodi za maskini zilizojaa wazee waliolala vitandani miaka na miaka, bila hata kuandikiwa wanaumwa nini. Alimpima kila mmoja upya, akawaita wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo na maofisa wa ustawi wa jamii wakae meza moja kumjadili mgonjwa mmoja. Wengi waliodhaniwa wamekwisha waliinuka wakatembea, na baadhi wakarudi makwao. Hakuwa na dawa mpya. Alichokuwa nacho ni mkutano.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko Tanzania Bara, katika Wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, nao tunauelezea kwa urefu kwa sababu unafanana na hali yetu ya shamba. Hai ilikuwa na jambo moja ambalo wilaya nyingi hazina: tangu mwaka 1992 kulikuwa na mradi uliohesabu watu nyumba kwa nyumba na kuandika vifo na sababu zake. Watu wa takwimu, kwa maneno mengine, walitangulia. Baadaye wakaja madaktari wa Hospitali ya KCMC ya Moshi pamoja na wenzao kutoka kaskazini ya Uingereza, wakiongozwa na Profesa Richard Walker, wakauliza ni wazee wangapi wana maradhi ya kusahau ambayo wataalamu huyaita demensia. Waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban 6 katika kila 100 walikuwa nayo. Katika wilaya hiyo hiyo ilionekana pia kwamba takriban wazee 7 katika kila 10 wana shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa na habari.

Ugumu ulikuwa katika kupima. Vipimo vya kumbukumbu vilivyotungwa nchi za mbali humtaka mtu asome sentensi, aandike, achore saa ya mishale, ataje tarehe na mwezi. Mpe kipimo hicho bibi ambaye hakupelekwa skuli, naye ataonekana mgonjwa ilhali yeye ndiye anayekumbuka madeni ya mtaa mzima. Kwa hiyo ikabidi kitungwe kipimo kingine, kinachoitwa IDEA, ambacho hakihitaji kalamu wala kusoma. Mzee huulizwa siku ya leo, hutakiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, husomewa maneno kumi kisha huulizwa tena baadaye ameyakumbuka mangapi, na hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Njiti za kiberiti! Kifaa kilichopo katika kila jiko ndicho kilichochukua nafasi ya karatasi. Kipimo hicho huchukua dakika chache na muuguzi wa kawaida anaweza kukitumia.

Wataalamu wa jamii nao walikaa na wagonjwa, walezi wao, waganga wa jadi na viongozi wa dini, wakawauliza jamii huliitaje tatizo hili na humpeleka wapi mgonjwa. Wengi walisema ni uzee wa kawaida, na wengine wakasema ni uchawi. Anayedhani ni uzee wa kawaida haendi hospitali, na anayedhani ni uchawi anakwenda kwingine. Baada ya hapo ndipo yalipoanzishwa matibabu ya mazungumzo: vikundi vidogo vya wazee vinavyokutana mara 14 katika wiki 7, wakizungumza, wakiimba, wakishika vitu vya zamani na kukumbushana habari zake, chini ya usimamizi wa wauguzi na wataalamu wa tiba kwa vitendo. Kumbukumbu na hali ya maisha yao ikapata nafuu. Msomaji wa Pemba atacheka kidogo hapa, maana sisi kitu hicho tunakiita baraza. Na hilo ndilo swali ambalo tungependa mtafiti atuchunguzie: mzee anayekaa barazani kila baada ya Alasiri, je, akili yake hudumu zaidi kuliko mzee aliyefungiwa ndani kwa sababu nyumba mpya hazijengwi tena na baraza?

Hata hivyo kipimo cha Hai hakiwezi kuchukuliwa kikaletwa Pemba vivi hivi. Chukua swali la siku ya leo. Kwetu siku huingia kwa kuzama jua. Mzee akiulizwa Alkhamisi baada ya Magharibi atasema imeshaingia Ijumaa, na atakuwa amesema kweli, lakini kijana mwenye fomu aliyesoma kwa kalenda ya ukutani ataandika amekosa. Mwulize tarehe, atakujibu kwa mwezi mwandamo. Wapo wavuvi na wakulima wazee ambao wangali wanahesabu mwaka kwa Nairuzi na miongo yake ya siku kumi kumi, na wanajua leo ni siku ya ngapi ya mwongo gani bila kutazama popote. Maneno kumi ya kukumbuka nayo yanataka yateuliwe na mtu anayejua Kipemba, kwani neno ambalo mjini ni la kila siku, Micheweni au Kojani huenda likawa geni.

Na liko la upande wa pili, ambalo ni la hatari zaidi. Katika familia zetu kipimo cha akili ya mzee ni usomaji wake. Akimaliza Yasin bila kukosea, watoto hutulia na kusema, "Baba yuko sawasawa." Wataalamu wa ubongo wanatueleza kuwa mambo yaliyohifadhiwa utotoni, yakarudiwa kwa miaka sitini, huwa ya mwisho kupotea. Mtu anaweza kusoma Yasin yote kwa tartibu na asijue kama amekula leo. Hapo wa ubongo na mwalimu wa chuo cha Kurani wanahitajiana. Yule anajua sehemu gani ya kumbukumbu hufa kwanza. Huyu anajua mwanafunzi wake wa zamani alihifadhi nini akiwa na miaka saba na nini akiwa mtu mzima, na huenda tofauti ya hizo mbili ikawa kipimo bora kuliko njiti.

Umri wenyewe, ambao ndio mwanzo wa kila utafiti wa uzee, nao kwetu ni suala la historia. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wote waliotimiza miaka 70, wawe waliajiriwa au hawakuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikakipandisha kiwango hicho hadi 50,000. Ni jambo la heri ambalo nchi nyingi jirani hazijalifikia. Lakini nani ametimiza 70? Wengi wa wazee wetu walizaliwa nyumbani, kwa mkunga, bila cheti. Wanajua walikuwa wakitambaa Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika, au walikwishaanza chuo Sultani Khalifa alipofariki mwaka 1960, au walikuwa na mimba ya kwanza wakati wa Mapinduzi ya 1964. Watafiti wa uzee barani Afrika hutengeneza kalenda za matukio kama hayo ili wakisie umri. Kalenda ya Pemba haiwezi kunakiliwa kutoka Unguja, licha ya Bara. Inataka mwanahistoria aketi na wazee wa kila upande, Mkoani, Chake, Wete, Micheweni, aokote matukio yao: mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu, mwaka wa njaa, mwaka skuli fulani ilipofunguliwa. Kosa la miaka mitano katika umri humnyima mzee fedha yake ya haki, na pia humpotosha mtafiti anayetaka kujua maradhi huanza lini.

Tukija kwenye macho, kuna utafiti wa hapa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2010 unaostahili kujulikana na kila nyumba. Ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wa miaka 40 na zaidi, takriban 9 katika kila 10 hawaoni vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya umri, na kwamba katika hao wanaohitaji miwani ya kusomea, wenye nayo hawafiki mmoja katika kila watano. Watafiti hawakuishia kwenye jicho. Waliuliza pia watu wako tayari kulipa kiasi gani kwa miwani, na kazi zao hubadilika vipi wakiipata. Swali la pili ni la mchumi, nalo ndilo lililo karibu na maisha: kuchagua mchele, kutia uzi kwenye sindano, kushona kofia, kusoma msahafu. Ni wazee wangapi ambao tumedhani wameacha kusoma Kurani kwa uvivu au kwa kusahau, kumbe herufi zimewakimbia na hakuna aliyewanunulia miwani?

Kuhusu yule mzee wa kisukari na Ramadhani, hapa tuna mfano wa fani mbili zilizokutana kweli kweli, na tumemsomea mwenyewe. Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, likishirikiana na jumuiya ya wataalamu wa kisukari na Ramadhani, lilitoa mwongozo ulioandikwa na madaktari na kupitiwa kwa mtazamo wa kidini na Mufti wa Misri. Mwaka 2021 ukafanyiwa marekebisho. Mwongozo huo hauwakatazi wote wala hauwaruhusu wote. Unawapanga wagonjwa kwa daraja za hatari, kwa kuangalia aina ya kisukari, dawa anazotumia, kama figo au moyo vimeshaguswa, na kama ni mzee dhaifu. Walio katika hatari kubwa wanashauriwa wasifunge, na wanavyuoni wameliafiki hilo. Anayefunga anabadilishiwa kiasi na saa za dawa kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka. Anafahamishwa kwamba kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwa vipimo vya mashine zetu, lazima afungue papo hapo. Na mzee asiyetarajiwa kupata tena uwezo wa kufunga, Kurani katika Suratul Baqara imemwekea fidya, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafii ni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Mzee wetu alisikiliza yote, akaulizia kibaba kwa mizani ya siku hizi ni kiasi gani, akaondoka ameridhika. Neno la daktari lilikuwa lile lile la mwanzo. Lilipungukiwa na nusu yake ya pili.

Suala la wakfu halijesha, na hatutalisemea zaidi ya hili: kamati haijaligusa shamba na haitaligusa hadi kadhi aamue. Lakini limetufundisha pengo lilipo. Mafaqihi wote wanakubaliana kwamba tamko la mtu asiye na akili halifungi mkataba. Demensia, hata hivyo, haiji kama mlango unaofungwa. Mtu huwa mwangavu asubuhi, akichwewa akachanganyikiwa. Wiki hii anawajua watoto, wiki ijayo hawajui. Vitabu vyetu vya fiqhi vinamtambua mtu ambaye akili humtoka na kumrudia, na vinasema tamko lake la wakati wa kurudiwa ni sahihi. Tatizo ni ushahidi. Kama bibi yule angekuwa amepimwa kila baada ya miezi sita na matokeo yakaandikwa, kadhi angekuwa na kitu cha kushika. Sasa anao mashahidi wa pande mbili, wote wana maslahi, nasi tukiwa miongoni mwao. Kwa hiyo utafiti wa uzee si anasa ya vyuo vikuu. Unahusu mirathi, wasia, talaka na amani baina ya ndugu.

Imebaki fani ambayo madaktari huisahau, ya wale wanaochunguza maisha ya watu kwa kukaa nao. Sandra Staudacher wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, aliishi na wazee wa mjini Zanzibar na akawafuata jamaa zao hadi Muscat, Oman, ili aone matunzo ya mzee yanavyogawanyika baina ya nchi mbili. Mwenzake wa chuo hicho hicho, Brigit Obrist, ameandika jinsi nyumba yenyewe katika mwambao wa Tanzania ilivyo mahali pakuu pa kumtunza mzee. Sisi Wapemba hatuhitaji kuambiwa kuwa tuna jamaa Oman. Tunachohitaji kuambiwa, kwa hesabu, ni nani anafanya nini. Mtoto aliyeko Muscat hutuma fedha na hupiga simu ya picha kila Ijumaa, na sifa zote ni zake. Anayemgeuza mzee kitandani usiku mara tatu ni binti aliyeachika akarudi nyumbani, au mkaza mwana ambaye hata kisheria ya dini hakulazimishwa kumhudumia mkwewe. Mgongo wa huyo hakuna anayeupima. Tunasema hivi tukijua kuwa yapo makao ya wazee pale Limbani, Wete, kwa wasio na jamaa, na tunawashukuru wanaoyahudumia. Lakini mzee wa kawaida wa Pemba hafi Limbani, hufa mikononi mwa mwanamke mmoja aliyechoka.

Kuwakutanisha wenye elimu mbalimbali si kazi nyepesi. Kila fani ina lugha yake na kiburi chake kidogo. Daktari huona maneno ya mwenye elimu ya jamii ni hadithi, naye humwona daktari kuwa haoni mtu ila figo. Masheikh wengine hudhani wakiitwa kwenye utafiti wanaitwa kuubariki tu, na wakati mwingine, tukiri, ndivyo wanavyoitwa. Lipo pia tatizo la idhini: mzee aliyepoteza kumbukumbu atakubalije kupimwa? Maadili ya utafiti yanataka ridhaa, fiqhi ina mlango wa usimamizi wa asiyejiweza, na milango hiyo miwili ingeweza kukutanishwa na watu wakweli katika vikao vichache. Wananchi nao wana lalamiko lao la zamani, la watafiti wanaochukua damu na majibu, wakaondoka na ndege, na shehia isisikie tena habari zao. Utafiti wa wazee utakaoanza bila ahadi ya kurudi kusoma matokeo msikitini na kwenye vikao vya akina mama utapata milango nusu wazi.

Vyombo vya kuanzia tunavyo hapa hapa. Wawi kuna maabara iliyozoea kwenda nyumba kwa nyumba. Mchangamdogo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chenye walimu wa Kiswahili na chenye skuli ya tiba. Masheha wana orodha za pensheni jamii. Makadhi wana majalada. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kujengwa.

Sisi kwa upande wetu tumenunua daftari. Kina mama wa kamati ndogo ya wanawake wanapita nyumba kwa nyumba katika mitaa inayosali kwetu, kwa ruhusa ya wenye nyumba, na yanayoandikwa hayasomwi hadharani. Wanaandika jina la mzee, tukio analolikumbuka la kuhesabia umri wake, kama anaona herufi za msahafu, kama anasikia adhana, dawa anazotumia, nani anamhudumia usiku, na katika safu ya mwisho, nani humpokea mhudumu huyo ili apumzike japo siku moja kwa wiki. Mtaalamu yeyote atakayekuja na nia njema tutamfungulia, kwa idhini ya wenyewe. Hadi tunaandika haya, safu ya mwisho karibu yote iko tupu.